Farasi wa kipilipili wa akina Damele

Kwa Kiswahili nywele ni za singa au ni za kipilipili, na farasi tangu zamani yuko upande wa singa. Za shingoni humwagika, za mkiani huning'inia, na za mwilini zimelala kama zimepigwa pasi. Kwa hiyo mtu akikuonyesha picha ya farasi aliyejaa vipilipili kuanzia ndani ya masikio hadi juu ya kwato, kama kondoo aliyerefushwa miguu, unadhani picha imechezewa. Haikuchezewa. Farasi hao wapo, ni wachache, na wengi kati ya walioko Marekani ukifuatilia ukoo wao unafika kwenye kundi la familia moja ya wafugaji wa Nevada ya kati.

Familia hiyo ni akina Damele, na kisa chao ndicho ninachokichambua hapa. Mara mbili, kwa tofauti ya miaka 20, baridi kali iliwamalizia farasi. Mara zote mbili waliobaki hai walikuwa wale wa kipilipili, na mara ya pili familia ikaamua kuwafanya hao ndio mbegu. Maelezo yanayorudiwa na wapenzi wa farasi hawa hadi leo ni kwamba vipilipili ndivyo vilivyowaokoa. Maoni yangu nayatoa mapema: sababu hiyo nina shaka nayo, lakini uamuzi waliupatia.

Kwanza pale mahali. Nevada ya kati ni safu za milima na mabonde yanayopishana, kaskazini hadi kusini, kama matuta ya viazi yaliyolimwa na jitu. Miji miwili ya karibu ni Eureka na Austin, kila mmoja kwenye mwinuko wa kama mita 2,000, na kati yao kuna takriban kilomita 110 za barabara namba 50, ambayo mwaka 1986 jarida la Life liliipa sifa ya kuwa barabara yenye upweke kuliko zote Marekani. Ni jangwa, lakini jangwa la baridi: vichaka vya kijivu vyenye harufu kali mabondeni, misonobari mifupi mlimani, na theluji miezi ya baridi. Eureka ilikuwa mji wa madini ya fedha na risasi. Tanuru zake zilitaka makaa, na wachoma makaa wengi walikuwa Waitaliano. Mwaka 1879 watano kati yao waliuawa kwa risasi huko Fish Creek katika mgogoro wa bei ya makaa. Lishike hilo jina la Fish Creek, tutalikuta tena. Giovanni Damele, mwanzilishi wa familia yetu, naye alikuwa mhamiaji kutoka Italia, ila yeye riziki yake aliipata kwenye mifugo.

Mwaka 1898 kijana wake Peter alikuwa amepanda farasi pamoja na baba yake katika milima iitwayo Peter Hanson, wakawaona farasi watatu wenye vipilipili mwili mzima. Peter hakuwasahau maisha yake yote. Hakukuwa na aliyejua wametoka wapi. Miaka ikapita, na kwenye malisho yao farasi wa namna hiyo wakawa wanaonekana mmoja mmoja katikati ya farasi pori. Mwaka 1931 wakamkamata mmoja, wakamzoeza kupandwa, wakamuuza. Hadi hapo alikuwa kioja tu, si mpango wa ufugaji.

Kisha ikaja baridi ya 1931 kwenda 1932. Kipindi kile ranchi nyingi ziliwaachia farasi wajitafutie milimani wakati wa theluji, na kuwakusanya theluji ikiyeyuka. Akina Damele walipotoka kuwakusanya wakawakuta wa kipilipili. Wengine wamekwisha. Kuanzia hapo, walipohitaji farasi wa kazi, walikwenda mlimani wakatafuta wa kipilipili. Miaka 20 baadaye ikaja ya 1951 kwenda 1952, baridi ile ile ambayo huko California, kwenye milima ya Sierra Nevada, treni ya abiria ilinasa kwenye theluji mwezi Januari na watu zaidi ya 200 wakakaa humo siku kadhaa kabla ya kuokolewa. Kwenye ranchi matokeo yakajirudia. Safari hii familia ikaacha kubahatisha: ikamchukua dume wa miaka miwili wa rangi ya kahawia nyekundu kutoka kwa farasi pori, ikampa jina la Copper D, akawa dume la mbegu.

Sasa tuchambue. Farasi anakufaje kwenye theluji?

Wengi wetu tuliokulia kwenye joto tungejibu: kwa baridi. Si hivyo hasa. Farasi aliyekwisha kuizoea baridi, akawa mkavu na ameshiba, hustahimili hadi nyuzi 15 chini ya sifuri bila kulazimika kuchoma chakula cha ziada ili apate joto. Manyoya yake ya majira hayo huwa mazito na husimama, yakashika hewa katikati. Ukimkuta na theluji mgongoni ambayo haiyeyuki, usimhurumie, maana yake joto halimtoki. Na tumboni ana jiko lake mwenyewe: nyasi ngumu zikichachuka kwenye utumbo mpana hutoa joto mchana na usiku. Jiko hilo likikosa kuni ndipo mambo yanapoharibika. Theluji ikiwa laini, farasi huiparua kwa kwato ya mbele akafikia nyasi, ujuzi ambao ng'ombe hana. Lakini theluji ikiyeyuka kidogo juu kisha ikaganda tena, linatanda gamba la barafu. Kila tonge sasa lina gharama, na miguu inachubuka. Mnyama anatumia nguvu nyingi kuliko anazozipata, mafuta ya mwili yanakwisha, na baridi inakuja mwishoni kama mdai wa mwisho mlangoni.

Kwa hesabu hiyo manyoya mazito yanasaidia, sikatai. Vipilipili vya farasi hawa wakati wa baridi hushika hewa nyingi, na mwenye kuvuja joto kidogo hubakiwa na mafuta kwa siku kadhaa zaidi. Siku kadhaa mwishoni mwa Februari zinaweza kuwa ndizo uhai wenyewe. Lakini kuna ushahidi mmoja ambao wasimulizi huupita haraka. Milima ile ile mpaka leo ina farasi pori wengi, na karibu wote ni wa singa. Kama bila kipilipili hakuna kupona, baridi za karne nzima zingekuwa zimeshawafuta. Hazikuwafuta.

Basi kwa nini kwa akina Damele walibaki wale tu? Ninaona mambo mawili yanayoweza kujificha nyuma ya vipilipili. La kwanza, farasi wa kipilipili pale ranchini walikuwa wa asili ya pori, waliozaliwa mlimani na mama waliozaliwa mlimani, huku farasi wengine wa ranchi mara nyingi huwa na damu iliyoboreshwa, wakubwa na wazuri, ambao mwili wao umezoea kuletewa nyasi. Kipilipili hapo kinakuwa alama tu, kama chapa: kinakuonyesha nani ana damu ya mlimani. La pili, farasi huishi kwa makundi madogo ya kifamilia, na majike wakongwe ndio mara nyingi wanaokumbuka maji yako wapi na ni mgongo upi wa mlima ambao upepo huupangusa theluji nyasi zikabaki wazi. Vipilipili vinarithiwa, na kundi ni la ndugu. Kundi moja likijua pa kwenda, watapona pamoja na nywele zao, na mtazamaji ataona nywele kwanza.

Kipi kati ya hayo kilikuwa na uzito zaidi hakipimiki tena. Hakuna aliyehesabu mizoga mlima kwa mlima, na masimulizi yametufikia kupitia familia yenyewe na wafugaji walionunua kwao. Mwamba ngoma huvutia kwake. Ila tazama: vyovyote iwavyo, kuwachagua waliopona kulikuwa sahihi. Kama ni manyoya, umechagua manyoya. Kama ni tumbo lisilochagua chakula, au kwato ngumu, au akili ya mama, navyo umevichukua vyote kwenye mnyama mmoja bila kuvijua majina. Mfugaji halazimiki kuijua sababu ili aufuate ushahidi. Wafugaji wa kondoo wa Kenya wamelipitia hili kwa njia ya kinyume: tangu miaka ya 1970 wengi walimpandishia kondoo mwekundu wa Kimaasai dume wa Dorper kwa ajili ya ukubwa, na baadaye utafiti ukaonyesha kwamba yule mwekundu mdogo ndiye aliyekuwa na kinga nzuri dhidi ya minyoo ya tumbo. Mnyama aliyekaa mahali muda mrefu ana siri zake.

Jambo la pili la akina Damele linanivutia kuliko la kwanza, nalo halisimuliwi sana. Hawakutafuta usafi wa mbegu. Walitaka farasi wa kazi: wa kukimbiza ng'ombe siku nzima kwenye mawe. Kwa hiyo pamoja na Copper D walitumia dume wa Kiarabu aitwaye Nevada Red na dume wa aina ya Morgan aitwaye Ruby Red King, wote wa singa. Mtu angetegemea vipilipili vipotee kwa kuchanganya hivyo. Havikupotea, kwa sababu ambayo wakati ule haikuwa imejulikana.

Mwaka 2017 na 2018 watafiti wa Ulaya walitangaza mabadiliko mawili ya vinasaba yanayosokota nywele za farasi hawa. Moja liko kwenye jeni iitwayo KRT25, inayotengeneza keratini (protini ngumu ya nywele na kucha) ya ile ala inayoufinyanga unywele ukiwa bado ndani ya ngozi. Jingine liko kwenye jeni ya SP6. Yote mawili ni tawala, yaani nakala moja kutoka kwa mzazi mmoja inatosha. Mwenye nakala moja ukimpandisha na wa singa, kwa wastani nusu ya watoto watakuwa na vipilipili. Ndiyo maana Mwarabu na Morgan waliingia kundini wakaleta miguu na pumzi, na vipilipili vikaendelea kuhesabika nusu kwa nusu.

Lakini hizo jeni mbili hazifanani tabia. Ya SP6 husokota na kuishia hapo. Ya KRT25 husokota na kupunguza: singa za shingoni na mkiani hunyonyoka, na mwenye nakala mbili mara nyingi huwa na mkia kama kamba iliyochakaa, wengine wakibaki karibu vipara wakati wa kiangazi. Mtu anayefuga kikundi kidogo kwa mapenzi ya vipilipili, akawapandisha wenyewe kwa wenyewe ili apate vipilipili tu, anakaribisha hao kwa mikono yake: wazazi wawili wenye nakala moja moja ya KRT25, mtoto mmoja kati ya wanne atakuwa na mbili. Akina Damele, kwa kutojali usafi, walijiepusha na sehemu ya shida hiyo. Leo kipimo cha nywele chache zenye mizizi kinatosha kujua mnyama amebeba nini, na kwa maoni yangu anayepandisha bila kupima hana kisingizio.

Kuishi nao ni somo la subira. Mtoto huzaliwa na vipilipili tayari, kope zimejikunja kwenda juu kama za bibi harusi. Baridi ikianza, vipilipili vinakuja kwa namna nyingi: wengine ni mawimbi yaliyolala, wengine vishada vinavyosokotana, wengine kama mahameli iliyofinywa mkononi. Kazi ya kwanza kwa anayetoka kwenye farasi wa kawaida ni kuisahau burashi. Ukimpiga burashi kila siku unavibomoa vipilipili na kubaki na mnyama mwenye timtimu, anayefanana na mtu aliyechanua nywele kavu bila mafuta. Wenye uzoefu hutumia vidole shingoni, hutoa vijiti na miiba kimoja kimoja, na chanuo hulificha. Ikija joto, manyoya yote huachia na kudondoka kwa mafungu, na kwa wengi hata za shingoni zinakwenda nayo, halafu huota tena majira ya baridi yakikaribia. Wapo wanaoziokota na kuzisokota uzi kama sufu. Mwenye mkia mwembamba anahitaji kulindwa dhidi ya nzi, kwa kuwa mkia ndio usinga wake wa kuwafukuzia. Mengine yote ni ya farasi yeyote: kwato, meno, minyoo, nyasi kavu. Kuhusu upole wao unaosifiwa, wanaowafuga husema hivyo karibu wote, na mimi naliacha kama kauli ya wenye mali.

Kuna sifa nyingine inayouza farasi hawa kuliko baridi ya 1952, nayo ni kwamba mtu mwenye mzio wa farasi anaweza kuwapanda. Mwaka 2015 madaktari wa Ujerumani waliandika kuhusu wapanda farasi wenye mzio waliofuatiliwa kifua wakiwa na farasi wa kipilipili, na wengi waliweza kupanda tena. Mwaka 2018 ukaja utafiti mwingine, wa Ujerumani pia, uliopima protini zinazoleta mzio kwenye nywele za farasi zaidi ya 200 wa aina 32. Wa kipilipili hawakuwa na protini kidogo kuliko wenzao. Kilichojitokeza ni kwamba madume wasiohasiwa wana nyingi zaidi. Kwa hiyo wapo watu wanaopata nafuu, lakini si kwa sababu farasi ni safi. Mwenye pumu asinunue kwa maneno. Aende akae zizini siku kadhaa, dawa yake mfukoni.

Nimeacha suala la jina mpaka hapa kwa sababu ni mkanganyiko. Mwaka 1971 wafugaji wachache walianzisha daftari la kuwaandikisha farasi hawa mjini Ely, mashariki mwa Eureka kwenye barabara hiyo hiyo namba 50. Waliona wengi wanaishia machinjioni bila kutambuliwa. Wakawaita Bashkir Curly, wakiamini asili yao ni farasi wa Bashkir wa Urusi. Baadaye ikaonekana kwamba kule ambako nywele za namna hii hutokea ni kwa farasi wa Lokai wa Tajikistan, ila jina lilikuwa limeshazoeleka. Damu ya farasi 200 hivi ilipopimwa Chuo Kikuu cha California, Davis, haikuonyesha kabila la peke yake. Ilionyesha mchanganyiko, ikiwa na alama za farasi wa aina ya Quarter Horse na Morgan. Na nadharia kwamba waliletwa Marekani na meli za Warusi zina kikwazo kingine. Wadakota, wenyeji wa asili wa nyanda za Marekani, waliweka kumbukumbu za miaka kwa michoro juu ya ngozi, mwaka mmoja mchoro mmoja. Kwenye ngozi ya Lone Dog, mmoja wa watunza kumbukumbu hizo, mchoro wa 1803 kwenda 1804 ni farasi mwenye alama za vipilipili mwilini: mwaka walipowaiba farasi wa kipilipili kutoka kwa Wacrow, kabila jingine la huko. Kwa hiyo wanyama hawa walikuwa mikononi mwa watu wa nyanda zile karibu karne moja kabla Peter Damele hajawaona watatu wake. (Mwaka 1848 P. T. Barnum, mfanyabiashara wa maonyesho, alimnunua farasi wa namna hii Cincinnati na kuwatoza watu wa New York kiingilio, akidai amekamatwa milimani na mvumbuzi wa nchi Frémont. Baba mkwe wa Frémont, Seneta Benton, hakufurahi.)

Mwaka ule ule wa 1971, mwezi Desemba, sheria ya kuwalinda farasi pori na punda pori ilitiwa saini, na njia ya akina Damele ikafungwa: huwezi tena kupanda mlimani ukamkamata unayempenda. Farasi pori walioko kwenye ardhi ya umma wanasimamiwa na idara ya serikali ya usimamizi wa ardhi. Idara hiyo hupunguza idadi kwa kuwakusanya, kuwapiga chapa ya baridi shingoni upande wa kushoto, na kuwatoa kwa watu wa kuwalea. Wa kipilipili bado hutokea Fish Creek, kule kule kwa wachoma makaa, na Rocky Hills, yote karibu na Eureka, na pia Salt Wells Creek kwenye jimbo la Wyoming. Ada ya kumchukua mmoja huanzia dola 125. Unatakiwa uwe na zizi lenye kama mita za mraba 37 kwa kila mnyama na, kwa mkubwa asiyezoezwa, uzio wa mita 1.8. Hupewi zaidi ya wanne kwa mwaka, na hati ya umiliki inakuja baada ya mwaka mmoja, ikithibitishwa kwamba umemtunza.

Taabu ni kwamba farasi akifikishwa zizini kiangazi, manyoya ya baridi yameshamtoka, naye anafanana na mwenzake wa singa aliyesimama pembeni. Anayejua huinama akatazama sharubu za pua kama zimejikunja, akapanda kwenye kope, na farasi akimruhusu, akachungulia ndani ya sikio.